Zahanati ni Amana

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya katika siku ya maadhimisho

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu mwili wenye siha na akili ya kupambanua lenye kufaa na lenye kudhuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.



Ama baada ya hayo. Jumuiya inapofikia siku ya kukumbuka miaka yake, ni desturi kuyahesabu yaliyojengwa: msikiti, madrasa, shule, ukuta wa makaburi, na zahanati. Hesabu hiyo ni ya haki, kwani kila tofali lina jasho la mtu aliyejinyima ili alitoe. Lakini kati ya majengo hayo limo moja ambalo hesabu yake haiishii kwenye matofali na mabati. Msikiti ukivuja, wenye kuswali hulowa. Madrasa ikikosa madawati, watoto huketi mikekani, na elimu huwaingia vile vile. Bali zahanati ikienda kombo, mtu aliyeingia kwa miguu yake huenda akatoka amebebwa, wala asijulikane aliyemdhuru.

Kwa sababu hiyo maudhui ya hotuba hii ni moja tu, nayo ni usalama wa mgonjwa katika zahanati ndogo ya mtaa, ile ambayo watu wa Kampala, Jinja, Mbale au Arua huikimbilia kabla hawajafikiria hospitali kubwa. Na kanuni zinazompasa tabibu, muuguzi na jumuiya yenyewe, ili mahali palipokusudiwa kuwa pa shifaa pasigeuke kuwa pa madhara.

Waislamu wote wanafahamu kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Wapo wanaolichukua fundisho hilo wakadhani kwamba nia ikiwa njema, kazi nayo imekwisha kuwa njema. Sivyo. Nia ni baina ya mja na Mola wake. Ama kijidudu cha maradhi hakina habari na nia ya mtu. Huingia katika kidonda kwa mkono wa mcha Mungu kama kinavyoingia kwa mkono wa mwovu. Ndiyo maana Mtume, rehema na amani zimshukie, hakufundisha nia peke yake, bali alifundisha pia kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mtu anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Nia njema isiyo na ukamilifu wa kazi ni kama taa nzuri isiyotiwa mafuta: hupamba chumba, lakini haionyeshi njia.

Ushahidi wa neno hili umo katika historia ya nchi jirani. Mwaka 1976, katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi ya Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, palikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120. Ilisimamiwa na masista waliotoka Ubelgiji, watu walioacha nchi yao na jamaa zao wakaenda kuwahudumia maskini katikati ya msitu. Hapana awezaye kuitilia shaka huruma yao. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali, maelfu kwa maelfu kila mwezi, kwa kuwa hapo dawa zilipatikana.

Lakini hospitali hiyo ilikuwa na desturi moja. Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa mabomba matano ya sindano pamoja na sindano zake, na hayo matano ndiyo yaliyotumika kutwa nzima kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa, na kwa wanawake wajawazito waliokuja kupimwa. Baada ya mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa katika sufuria ya maji ya uvuguvugu, kisha akachomwa wa pili. Mwisho wa siku, mara nyingine zilichemshwa, na mara nyingine hazikuchemshwa.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo alifika mwalimu mmoja wa shule akiwa na homa. Ilidhaniwa ni malaria, akachomwa sindano ya klorokwini. Baada ya siku chache homa ikarudi kwa nguvu, damu ikamtoka, akafariki dunia. Wengine wakafuata. Uchunguzi ulipokamilika ilionekana kwamba watu 318 walipatwa na maradhi hayo, na 280 miongoni mwao walikufa. Katika wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa iliweza kujulikana, 85 hawakuwa na njia nyingine isipokuwa sindano waliyochomwa hospitalini. Wanawake vijana walipatwa kwa wingi, kwa kuwa wengi wao walikwenda kliniki ya wajawazito na kuchomwa sindano huko. Katika watumishi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa, na milango yake ikafungwa. Maradhi yale yakaitwa Ebola, kwa jina la mto ulio katika sehemu zile.

Yafaa kila msikilizaji ayatafakari mabomba yale matano. Huruma ilikuwapo, na ibada ilikuwapo, na bidii ya kazi ilikuwapo. Kilichokosekana ni bomba la sita na la saba na la mia, na kanuni isemayo kwamba sindano iliyoingia katika mwili wa mtu mmoja haiingii katika mwili wa mwingine. Na hospitali ilipofungwa, kule kufungwa kwenyewe kulisaidia kuyazuia maradhi yasiendelee kuenea. Ni jambo zito hilo: kwamba kuna siku ambapo hospitali iliyofungwa huokoa watu wengi kuliko hospitali iliyo wazi.

Uganda nayo ina mfano wake, nao unaonyesha upande wa pili. Mwaka 2000 Ebola ilizuka katika wilaya ya Gulu. Katika hospitali ya St. Mary's, Lacor, daktari mkuu Matthew Lukwiya alipoona wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa namna isiyo ya kawaida, hakuridhika na maelezo mepesi. Alipekua madaftari ya hospitali, akalinganisha dalili za waliokufa, akaipasha habari Wizara ya Afya, na akaiweka tayari wodi ya kuwatenga wagonjwa, yenye kanuni za mavazi na za kunawa. Watu 425 walipatwa na 224 wakafa, na miongoni mwao alikuwamo Dokta Lukwiya mwenyewe, aliyefariki tarehe 5 Desemba mwaka huo baada ya kuambukizwa katika kuwauguza wenzake. Hakuwa Mwislamu, lakini kila mwenye insafu humshuhudia kwamba alitekeleza amana. Kwa daftari lililoandikwa vizuri na kwa utaratibu uliowekwa mapema, maradhi yaligunduliwa na nchi ikapata kujihami.

Pengine atasema mtu kwamba Ebola ni balaa la nadra, na zahanati ya mtaa haina haja ya kuogopa mambo makubwa kiasi hicho. Jibu lake ni kwamba njia aipitayo Ebola ndiyo ile ile yanayopita maradhi mengine yaliyo karibu zaidi. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini hupita katika sindano iliyorudiwa. Kirusi cha homa ya ini ya aina ya B kinaweza kubaki hai katika tone la damu lililokauka juu ya meza kwa muda wa siku 7 au zaidi. Na mwenye kuambukizwa leo huenda asijue mpaka miaka mingi ipite, ini lake likiwa limeharibika. Ebola ilizuka tena katika Kivu ya Kaskazini na Ituri baina ya mwaka 2018 na 2020, nayo iliua watu zaidi ya 2,200. Na huko pia zahanati ndogo za watu binafsi zilikuwa miongoni mwa mahali maradhi yalipoenezwa, hata kwa watoto wadogo waliopelekwa kutibiwa maradhi mengine.

Basi ni kanuni zipi zinazoipasa zahanati?

La kwanza ni mikono. Katika mji wa Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis alifadhaishwa na vifo vya wanawake waliojifungua. Katika wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao wanawake walikufa kwa wingi kuliko katika wodi ya wakunga. Aligundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, kisha wakaja moja kwa moja kuwapima wazazi. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa wanawake 18 katika kila 100. Ilipofika miezi ya Juni na Julai hawakuzidi wawili au watatu katika kila 100. Na wenzake walifanya nini? Wengi walichukia. Waliona ni tusi kuambiwa kwamba mikono ya mabwana wenye heshima inaweza kubeba mauti. Kiburi kile kiliua watu kwa miaka mingine mingi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2009 nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi itakayo usafi mkamilifu, kama vile kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya hatari ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kunawa kwenyewe kwa maji na sabuni hakupungui sekunde 40. Hapa pana jambo linalohitaji kubainishwa kwa Waislamu. Udhu ni ibada, na unamfunza mtu mapenzi ya usafi tangu utoto. Lakini udhu haukai mahali pa sabuni. Tabibu aliyetawadha kwa ajili ya adhuhuri, kisha akafunga kidonda chenye usaha, udhu wake hautamlinda mgonjwa wa pili. Ibada ina mahali pake, na hadhari ina mahali pake, na dini imeamuru zote mbili. Wala haihitaji mabomba ya maji ya fahari. Pipa safi lenye bilula, sabuni, na beseni la kupokea maji machafu, vikiwekwa katika chumba kile kile anachotibiwa mgonjwa, vinatosha. Bilula iliyoko uani, umbali wa hatua hamsini, ni kama haipo.

La pili ni sindano. Kanuni yake ni fupi: mtu mmoja, bomba moja jipya, sindano moja mpya, mara moja tu. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho ya mgonjwa. Yapo mabomba yaliyoundwa ili yakishatumika mara moja yajifunge yasiweze kuvutwa tena, nayo ni bora kuliko mengine. Na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote ziyaelekee mabomba ya namna hiyo. Sindano iliyokwisha kutumika haivishwi tena kifuniko chake, kwa kuwa wauguzi wengi hujichoma hapo. Hutupwa pale pale katika sanduku gumu lisilotoboka, na sanduku likijaa robo tatu hufungwa, halisubiriwi lifurike.

Lakini salama kuliko zote ni ile sindano isiyochomwa pasipo haja. Imeenea kwa watu imani kwamba tabibu asiyechoma sindano hakutibu, na kwamba vidonge ni dawa ya maskini. Matabibu wengine huitumikia imani hiyo, kwani sindano ina bei. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya kumeza, tena baada ya damu kupimwa ikathibitika. Dawa ya kuchoma ni ya malaria kali na ya asiyeweza kumeza. Mwalimu yule wa Yambuku alikwenda kwa homa iliyodhaniwa ni malaria. Kila sindano isiyo na lazima ni mlango uliofunguliwa bure.

La tatu ni vyombo vya chuma: mikasi, koleo, visu vya kupasulia majipu na vya kutahiria. Hivi haviwezi kutupwa kila mara, kwa hiyo hutakaswa. Kwanza huoshwa kwa sabuni mpaka damu yote itoke, kwani uchafu uliokauka hukinga vijidudu. Kisha huingizwa katika mtungi wa mvuke wa shinikizo, chombo kilichobuniwa na Charles Chamberland, Mfaransa, mwaka 1879. Maji yachemkayo katika sufuria wazi hayapiti nyuzi 100 za joto, na viko vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili joto hilo. Ndani ya mtungi mvuke hufika nyuzi 121, na vyombo vilivyofungwa katika kitambaa vikikaa humo dakika 30 hutoka salama. Wazazi wanaowapeleka watoto wao kutahiriwa wana haki ya kuuona mtungi huo kabla ya kumshika mtoto mikono.

La nne ni dawa. Chanjo nyingi hukaa katika baridi ya baina ya nyuzi 2 na 8. Jokofu la zahanati liwe na kipimajoto ndani yake, na kipimo kiandikwe asubuhi na jioni, hata siku za sikukuu. Umeme ukikatika usiku, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kweli. Wala baridi kupita kiasi si usalama: chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, ingawa kwa macho haionekani tofauti. Kadhalika jokofu la chanjo si la soda wala la nyama ya walima. Kuhusu dawa nyingine, Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1993; basi dawa isiyotoka kwa muuzaji mwenye leseni, au iliyopitwa na tarehe yake, isiwekwe kwenye rafu hata ikitolewa sadaka. Sadaka ya dawa mbovu si sadaka.

La tano ni taka. Pamba yenye damu, bandeji na masanduku ya sindano vichomwe katika tanuri au vifukiwe katika shimo lililozungushiwa ua, mbali na kisima. Mtoto anayeokota sindano jalalani ili aichezee ni mgonjwa wa zahanati ile ambaye hakuandikwa.

La sita, ambalo hudharauliwa kuliko yote, ni daftari. Jina la mgonjwa, umri wake, malalamiko yake, vipimo vyake, dawa aliyopewa na kiasi chake, na dawa isiyopatana na mwili wake: haya yakiandikwa, tabibu wa zamu ya usiku hatabahatisha. Na daftari hilo ni siri. Maradhi ya watu si maneno ya barazani. Mwanamke anapopimwa, pazia livutwe na awepo mwanamke mwingine chumbani. Lakini liwepo daftari la pili, dogo zaidi, la kuandikia makosa. Muuguzi aliyempa mtu dawa isiyo yake na akasema papo hapo, amempa tabibu nafasi ya kumwokoa. Akijua kwamba akisema atafukuzwa na kuaibishwa mbele ya watu, atanyamaza, na kosa lililonyamaziwa hurudi. Mwenye kukiri kosa asaidiwe kulirekebisha. Mwenye kulificha ndiye wa kuchukuliwa hatua.

Baada ya vyombo ni mtu mwenyewe. Mwaka 931, sawa na mwaka 319 wa Hijra, ilimfikia Khalifa al-Muqtadir habari kwamba mtu mmoja mjini Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa aliamuru kwamba asitibu mtu yeyote mpaka apimwe elimu yake na mganga mkuu Sinan bin Thabit na kupewa idhini ya kufanya yale aliyoyajua. Waandishi wa historia wanataja kwamba waliopimwa mjini humo walikuwa zaidi ya 860. Msimamizi wa masoko, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mizani na vipimo vya wauzaji, naye alihusishwa katika kulitekeleza agizo hilo. Na hata kabla ya hapo, mafundisho ya Mtume yalikuwa yamekwisha kuweka kwamba mwenye kujifanya tabibu bila ya kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Kwa hiyo kumwuliza tabibu hati yake si uzushi wa serikali za leo. Ni sunna ya miji ya Waislamu tangu zamani.

Hivi leo nchini Uganda madaktari, wauguzi na wakunga, pamoja na matabibu wa fani nyingine, wana mabaraza yao, na leseni ya kufanya kazi huhuishwa muda wake unapokwisha. Leseni hiyo yapasa itundikwe ukutani mahali inaposomeka, ikiwa haijapitwa na muda wake, na yenye jina la mtu anayetibu kweli, si la daktari aliyeazima jina lake naye yuko mji mwingine. Na alama kubwa ya elimu ya tabibu ni kuujua mpaka wake. Mama mjamzito anayetoka damu, au mtoto mwenye degedege lisilokoma, si wa kuwekewa dripu na kusubiriwa mpaka asubuhi. Ni wa kupelekwa hospitali kubwa saa ile ile, kwa gari lililokwisha kupangwa tangu kabla ya siku ya haja.

Waheshimiwa, yapo maneno matatu yanayosemwa kuhusu mambo haya, na kila moja lina jibu.

La kwanza ni kwamba kila jambo ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na hapana Mwislamu alikanushaye. Lakini bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga huku akitegemea, alifundishwa na Mtume amfunge kwanza, kisha ategemee. Sindano mpya ndiyo kamba ya ngamia.

La pili ni gharama. Bomba jipya ni la bei ndogo mno likilinganishwa na kumwuguza mtu mwenye ini lililoharibika, na sabuni ni ndogo zaidi. Ikiwa fedha ni chache, basi suala ni nini kitangulie. Mara nyingi kibao cha barabarani hupakwa rangi mpya na jina la mfadhili huandikwa kwa herufi kubwa, hali beseni la kunawia limepasuka. Sabuni itangulie rangi.

La tatu halisemwi kwa sauti, nalo ndilo lenye nguvu: kwamba tabibu ni wa kwetu. Yeye ni mtoto wa mzee fulani, au mkwe wa mjumbe wa kamati, au mtu anayeonekana katika safu ya kwanza msikitini. Basi nani atamkagua bila ya kuvunja heshima? Hapa ndipo jumuiya nyingi hujikwaa. Husahau kwamba amana huwa nzito zaidi inapowekwa mikononi mwa jamaa. Mtu akiweka fedha za msikiti huulizwa hesabu, wala haonewi; seuze anayewekewa damu za watu? Kumkagua tabibu mwema ni kumlinda, ili siku likitokea jambo awe na ushahidi wa wema wake. Na mgonjwa naye aondolewe haya isiyo mahali pake. Ajuza aliyemwambia muuguzi, “Mwanangu, nawa mikono kwanza, tafadhali,” hakumtukana mtu. Na muuguzi aliyelelewa vizuri hujibu, “Ahsante, bibi,” akanawa.

Kwa hiyo yako mambo ambayo jumuiya yenye zahanati inaweza kuyaanza bila ya kungoja mfadhili. Ichague kamati ya watu watano, wawili kati yao wakiwa wanawake, na mmoja awe mwenye elimu ya uuguzi asiye na udugu na watumishi wa zahanati. Kamati iingie zahanatini kila mwezi bila ya kutoa taarifa. Iangalie sabuni na maji; ihesabu mabomba yaliyonunuliwa na kuyalinganisha na sindano zilizoandikwa daftarini; isome karatasi ya jokofu; itazame mtungi wa mvuke, tarehe za dawa, masanduku ya taka na leseni zilizo ukutani. Hesabu ya mabomba peke yake itasema mengi: ikiwa sindano 300 zilichomwa na mabomba 180 yalitumika, hakuna haja ya shahidi mwingine. Kisha habari isomwe mbele ya wanajumuiya, nzuri na mbaya.

Na ikiwa zahanati haiwezi kutimiza haya, chumba chake cha sindano kifungwe mpaka kiweze. Waliochanga watahuzunika, na wapo watakaosema jumuiya imeshindwa. Waambiwe habari ya Yambuku. Kufunga mlango kwa muda na kutengeneza ni heshima. Kuuacha wazi kwa kuogopa maneno ya watu ndiko kushindwa.

Mwenyezi Mungu ameamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Anayeingia zahanatini hukabidhi amana isiyo na mfano, mwili wake au wa mtoto wake, kwa mtu anayevaa koti jeupe, naye huikabidhi bila ya risiti. Kuirudisha amana hiyo ni kumtoa mtu huyo akiwa na nafuu. Na ikiwa nafuu haikuandikwa, basi asitoke na maradhi ambayo hakuingia nayo.

Mwenyezi Mungu awarehemu walioijenga jumuiya hii na wametangulia mbele ya haki, awajaalie walio hai ukamilifu wa kazi pamoja na wema wa nia, awaponye wagonjwa wao, na aibariki mikono ya wauguzi na matabibu wao. Amin.

Wabillahi taufiq.